Kuvu wa mizizini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mzizi wenye kuvu ni mzizi mgonjwa." Si ajabu tukiamini hivyo, maana kuvu tunayoijua zaidi ni ile inayoozesha mahindi ghalani. Lakini mahindi hayohayo yakiwa shambani, na mtama, maharage na mihogo, huishi na kuvu ndani ya mizizi yake na kunawiri. Mabaki ya mimea iliyogeuka mawe huko Rhynie, Scotland, yenye umri wa miaka milioni 400 hivi, yana kuvu za namna hiyo ndani ya seli. Kabichi na sukuma wiki zimo katika kundi dogo lisilo na ushirika huu.

"Kuvu huvamia." Hapana, huitwa. Mmea ukipungukiwa na fosforasi, mizizi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, na nyuzi za kuvu zikizihisi huchipua matawi mengi. Kuvu nayo hujibu kwa vipande vifupi vya kitini, malighafi ya kuta zake, vingine vikiwa vimeunganishwa na mafuta. Vipokezi vya mzizi vikivinasa, kalisiamu ndani ya kiini cha seli huanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mapigo ya ngoma. Protini maalumu husoma mapigo hayo na kuwasha jeni za mapokezi, kisha seli huandaa njia kabla mgeni hajapenya. Kila nikilifikiria hili nastaajabu, hasa kwa kuwa maharage hutumia sehemu kubwa ya mfumo huohuo kuwapokea bakteria wa naitrojeni.

Basi wapo wanaodhani strigolaktoni ni kosa la mmea, kwa sababu ndizo zinazoamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Kwa kweli sifa hiyo mbaya ndiyo iliyotangulia kujulikana, mwaka 1966, kutoka kwenye mizizi ya pamba. Ilichukua hadi 2005 watafiti nchini Japani kuonyesha kwamba wito ule ulikuwa wa kuita kuvu. Kiduha hudukiza tu, na shamba lililochoka, ambako mimea huita kwa nguvu zaidi, ndiko kinakomwumiza zaidi mkulima wa mahindi na mtama.

Hata ndani ya seli, kuvu haigusani moja kwa moja na sehemu hai ya seli hiyo. Hujigawa vitawi kama kichaka, na mmea huvizungushia utando mpya wenye protini za kuvuta fosfeti, yaani fosforasi ambayo kuvu huuletea mmea kutoka udongoni. Kichaka hicho hudumu siku chache, kisha seli hukivunja.

"Mmea hulipa sukari tu." Hulipa na mafuta pia. Kuvu hizi hazina jeni za kujitengenezea asidi za mafuta kama viumbe wengine, na mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba mmea ndio unaozilisha.

Na ile ya kwamba mbolea nyingi ya fosfeti huimarisha ushirika? Ni kinyume chake. Mmea ulioshiba fosforasi hupunguza strigolaktoni na kuzima jeni za mapokezi, hata kama kuvu yenyewe umeinunua kwenye pakiti na kuitia shimoni pamoja na mbegu.