Kidonda cha upasuaji wa roboti wa tundu moja: maswali na majibu

Upasuaji wa tundu moja ni upi?

Ni upasuaji ambao kamera na vifaa vyote hupitia tundu moja tumboni, badala ya matundu kadhaa madogo. Roboti inayojulikana zaidi kwa kazi hii, da Vinci SP, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa upasuaji wa figo, kibofu na tezi dume. Mrija wake una upana wa milimita 25. Roboti haijiendeshi, daktari ndiye anayeiongoza hatua kwa hatua.

Tundu ni moja tu, mbona bado naambiwa nijihadhari na kidonda?

Kwa sababu unachokiona ni ngozi tu. Chini yake, utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo nao umekatwa, na mkato huo ni mpana kuliko wa matundu ya milimita 8 ya roboti ya kawaida. Ngozi hufunga kwa wiki mbili hivi. Utando huchukua miezi. Hapo ndipo watu wengi huponzwa: kovu limekauka, maumivu yameisha, mtu anainua mzigo.

Hii haina maana kwamba njia hii ni mbaya. Hata kwenye upasuaji wa matundu mengi, tundu moja hupanuliwa ili figo au tezi dume itolewe.

Ni matatizo gani hutokea?

Mengi ni madogo: damu kuvilia chini ya ngozi, majimaji kujikusanya, ukingo wa mshono kuachia kidogo. Ukibonyeza ngozi ukahisi inachakarika, huenda ni gesi iliyotumika kutanua tumbo. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku chache.

Maambukizi huja na usaha, harufu mbaya, homa na wekundu unaosambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo pima kwa mkono: kuna joto? Ngozi imekaza? Maumivu yanaongezeka wakati yalipaswa kupungua?

Na hili nakuomba ulishike kuliko yote. Kidonda kilichokuwa kikavu kikimwaga ghafla majimaji ya rangi ya waridi mpaka bandeji ikalowa, hasa katika wiki mbili za mwanzo, huenda utando wa ndani umeachia. Lala chali, funika kwa kitambaa safi, upelekwe hospitali. Usingoje tarehe ya kliniki.

Na henia?

Henia ni utumbo au mafuta ya tumboni kujipenyeza kwenye utando uliolegea. Huweza kujitokeza miezi mingi baadaye, hata zaidi ya mwaka. Utaona uvimbe kwenye kovu ukikohoa au ukisimama, kisha unarudi ukilala. Hakuna dawa ya kuiziba henia. Hurekebishwa kwa upasuaji. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, au ukianza kutapika, ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Muulize daktari atakata wapi. Mkato wa katikati ya tumbo huleta henia zaidi kuliko ule wa kulala juu kidogo ya kinena, ingawa si kila ugonjwa unaruhusu kuchagua.

Nani yuko hatarini zaidi?

Wenye uzito mkubwa, kisukari kisichodhibitiwa au kikohozi cha muda mrefu, wavutaji sigara, na wanaotumia dawa za steroidi.

Mimi mwenyewe nifanye nini?

Acha sigara angalau wiki nne kabla ya upasuaji. Usijinyoe tumbo kwa wembe nyumbani, maana michubuko midogo huwapa bakteria mlango. Ikibidi, hospitali itakunyoa kwa mashine.

Baadaye, epuka kubeba vitu vizito kwa wiki nne hadi sita, au kadiri daktari atakavyosema. Ukikohoa, bana mto tumboni. Kujikamua chooni nako huvuta mshono, kwa hiyo omba mapema dawa ya kulainisha choo. Lakini kama umetolewa tezi dume, usiingize bomba wala dawa yoyote kwenye njia ya haja kubwa mpaka daktari akuruhusu: ukuta wa utumbo umepakana na mahali palipofanyiwa upasuaji.