Video inayojipimia mtandao: ni nini, na huwekwaje kwenye programu ya simu

Tuseme programu yako ina video ya dakika 10 ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wa Mtwara mjini anaitazama bila tabu. Aliye shambani Tandahimba, simu ikisoma mstari mmoja, anaangalia kiduara kikizunguka tu.

Video inayojipimia mtandao hurekodiwa mara moja, kisha hutolewa katika ngazi kadhaa za ubora, na kila ngazi hukatwa vipande vya sekunde 6 hivi. Faili dogo la orodha, lenye mwisho wa .m3u8, huieleza simu vipande viko wapi. Utaratibu huu ni HLS (HTTP Live Streaming), ulioletwa na Apple mwaka 2009. Simu hupima kila kipande kimeshuka kwa kasi gani, ndipo inachagua ngazi ya kipande kinachofuata.

Piga hesabu. Mtandao ukitoa kilobiti 600 kwa sekunde, kipande cha ngazi ya kilobiti 2,500 kwa sekunde huchukua sekunde 25 kushuka, nacho kinachezwa kwa sekunde 6. Lazima kikwame. Cha ngazi ya 400 hushuka kwa sekunde 4, na sekunde 2 zinabaki za akiba. Bando nalo linapona: video nzima ni MB 30 badala ya karibu 188. Kwa hiyo ngazi ya chini ndiyo ya kuhangaikia kwanza. Wengi hutengeneza ngazi za juu za 720p na 1080p tu wakaishia hapo, halafu wanalaumu mtandao.

Fremu kamili (keyframe, yaani picha inayojitegemea bila kuhitaji iliyotangulia) zianguke sehemu moja katika ngazi zote, mwanzoni mwa kila kipande. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, weka moja kila fremu 50, yaani kila sekunde 2, ili tatu ziingie sawasawa kwenye kipande cha sekunde 6. Zikipishana, picha hushtuka kila ubora unapobadilika.

iPhone huicheza HLS yenyewe kupitia AVPlayer, kicheza video cha Apple. Kwenye Android tumia ExoPlayer, kicheza video kilichomo kwenye maktaba ya Google iitwayo Media3, na usisahau moduli yake ya HLS, maana huongezwa peke yake. Anwani iwe ya https: programu inayolenga Android 9 na kuendelea huzuiwa kutumia http tupu, usipoiruhusu mwenyewe. Mtumiaji akitoka kwenye ukurasa, kiachilie kicheza video. La sivyo sauti inaweza kuendelea kusikika, na video inayofuata ikagoma kufunguka.

Kwa klipu ya sekunde 15, haya yote ni makubwa mno. MP4 moja inatosha, ilimradi uipitishe kwenye ffmpeg (programu ya kubadili faili za video) kwa chaguo la +faststart ili maelezo ya faili yakae mbele.