Dakika 60 kwa siku: mtoto wa shule anatakiwa afanye mazoezi kiasi gani hasa?

Hii namba ya dakika 60 kwa siku bila shaka umeshakutana nayo, inatajwa redioni, kliniki, hadi kwenye vikao vya wazazi, ila kila mtu anaielewa kivyake. Mmoja anadhani shule inatakiwa iweke kipindi cha michezo cha saa nzima kila siku, mwingine anaona ni mambo ya watoto wa kishua wanaopelekwa kuogelea wikiendi, na mwingine anakwambia wangu anaenda shule kwa miguu, imetosha. Tuichambue taratibu, maana kwenye huu mkanganyiko kuna watoto wanakosa kitu muhimu sana na hakuna anayeshtuka.

Namba yenyewe ni ya WHO, Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2010 walisema mtoto wa miaka 5 hadi 17 ajishughulishe angalau dakika 60 kila siku, halafu 2020 wakairekebisha kidogo ikawa wastani wa dakika 60 kwa siku ukipiga hesabu ya wiki nzima. Yaani mtoto akiwa na siku ngumu ya mtihani akapata dakika 30 tu, kisha Jumamosi akacheza chandimu saa moja na nusu, hesabu imekaa sawa. Na ndani ya hiyo wiki, angalau siku 3 ziwe na mazoezi ya nguvu hasa, yale ya kumtoa jasho, pamoja na ya kukomaza misuli na mifupa. Hao wa miaka 3 na 4 ambao tunawakalisha chekechea wamefunga mikono mezani wao wana mwongozo wao wa 2019, unasema dakika 180 za kuchangamka kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kasi. Masaa matatu! Mtoto mdogo asiyetulia hana tatizo lolote, ndivyo anavyotakiwa awe.

Sasa siyo kila kujongea kunahesabika. Kuzurura taratibu sokoni na mama hakumo kwenye zile 60. Kinachotakiwa ni ile kasi inayofanya moyo udunde na pumzi ipande, na kuipima huhitaji saa ya bei mbaya wala nini, msikilize tu mtoto: akiweza kuongea na wenzie lakini kuimba kunamshinda, hiyo ni kasi ya wastani na inahesabika. Akiwa anatoa maneno mawili matatu halafu anahema, hiyo ni kasi ya juu, ndiyo ile ya zile siku 3. Kwa mifupa dawa ni kuruka na kutua, kuruka kamba, kukimbizana, kupanda mwembe (najua mnawakataza), kwa sababu mfupa unajengwa zaidi utotoni na ujanani na unakuwa imara ukipokea ule mshindo wa kutua. Mtu akishavuka miaka ya ishirini na kitu hiyo nafasi ya kuujenga inakuwa imeshapita kwa sehemu kubwa, anabaki kutunza alichonacho.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya, kuna namba mbili tofauti na zinapikwa chungu kimoja. Dakika 60 ni mjongeo wote wa mtoto kwa siku, shuleni, njiani na nyumbani, na kwa wiki inakuja dakika 420. Namba ya pili ni ya somo lenyewe la elimu ya michezo, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wanapendekeza dakika 120 kwa wiki shule ya msingi na 180 sekondari. Kwa hiyo hata shule ya msingi iliyofuata pendekezo hilo bila kuiba dakika hata moja haijafika theluthi ya 420, na ya sekondari haijafika nusu. Somo peke yake halikuwekwa limalize kazi yote, kazi yake kubwa ni kumfundisha mtoto namna ya kutumia mwili wake, kurusha, kudaka, kukimbia vizuri, kupokezana na wenzake, ili hayo mengine ayafanye mwenyewe kwa raha.

Chukua mfano shule ina vipindi viwili vya michezo kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, jumla 80. Toa muda wa kubadilisha nguo, kujipanga mistari, mwalimu kuelekeza, kusubiri zamu. Tafiti zilizopima jambo hili kwenye shule za msingi za nje zilikuta watoto wanakuwa kwenye ile kasi inayohesabika kwa muda usiofika nusu ya kipindi, na hapo ni shule zenye vifaa. Tuseme nusu kamili basi, umepata dakika 40 kati ya 420. Sasa fikiria darasa la watoto 90 na mpira mmoja, wanaocheza ni 22 na waliobaki wanashangilia, au ticha kasema wapige danadana mmoja mmoja. Kwenye ratiba ukutani wote 90 wamepata kipindi, ila kwa miili yao robo tu ndio wamepata kitu.

Ndio maana mimi nikitembelea shule ratiba haiko kati ya vitu ninavyovikimbilia, naangalia ni watoto wangapi wanakimbia kwa wakati mmoja. Rede ni mchezo mtamu lakini wanaokwepa mpira pale katikati ni wachache na aliyepigwa anatoka kukaa pembeni, kwa hiyo kama ni darasa zima gawanya makundi manne matano na mipira ya makaratasi au soksi, mbona inatengenezwa bure. Kamba ndefu mbili tatu zinachangamsha watoto wengi kuliko goli mbili za chuma. Mbio za kupokezana weka timu fupifupi za watoto wanne, siyo mstari wa watoto 20 ambao kila mmoja anakimbia sekunde 15 halafu anasimama juani dakika tano.

Na tuna kitu tulichokuwa nacho kitambo, mchakamchaka. Waliosoma shule za msingi Tanzania zamani wanakumbuka, asubuhi kabla ya mstarini mnazunguka shule nzima mnakimbia kwa wimbo, mwalimu wa zamu nyuma, na ukiimba huku unakimbia kweli pumzi inaijua shughuli. Shule nyingine bado wanaendelea nao, nyingine umekufa kimyakimya kwa sababu asubuhi imechukuliwa na vipindi vya ziada. Kule Scotland mwaka 2012 mwalimu mkuu wa shule ya msingi St Ninians mjini Stirling, Elaine Wyllie, alianzisha utaratibu wa watoto kutoka nje dakika 15 kila siku wakimbie au watembee haraka na nguo zao zilezile za shule, bila mashindano, bila vifaa, kila mtoto kwa kasi yake. Wameupa jina la Daily Mile na umesambaa nchi nyingi, watu wanausifia kama uvumbuzi mkubwa. Ni mchakamchaka ule! Na una sifa ambayo kipindi cha michezo hakina, watoto wote wanakimbia kwa pamoja na hakuna anayesubiri zamu. Dakika 15 mara siku 5 ni 75 kwa wiki, karibu mara mbili ya zile 40 tulizopata kwenye vipindi viwili.

Serikali ya Uingereza mwaka 2016 ilikuja na mgawanyo ambao naona unaeleweka kirahisi, 30 shuleni na 30 nje ya shule. Ukiuleta kwetu, 30 za shule zinapatikana kwa mchakamchaka wa dakika 15 na mapumziko ambayo watoto wanaachiwa wacheze kweli, hawazuiliwi darasani kumalizia kunakili notsi. Siku yenye kipindi cha michezo inakuwa ni nyongeza. 30 za nyumbani ni kombolela, kamba, mpira wa jioni, na kazi pia, mtoto anayeteka maji kisimani au kulima na wazazi anajongea na inahesabika. Kutembea kwenda shule kunahesabika akitembea haraka haraka, kilomita mbili ni kama dakika 25 kwenda na nyingine 25 kurudi, huyo karibu amemaliza.

Ila hapa nina neno na walimu. Yupo mtoto anayetembea kilomita tano kufika shule, hajala kitu tangu jana usiku, halafu akichelewa anaambiwa azunguke uwanja mara kumi. Huyo zile 60 alishazivuka kabla kengele haijalia, anachohitaji ni uji na kukaa kivulini. Mwongozo ni kwa ajili ya mtoto aliyeshiba. Na ile tabia ya kutumia mazoezi kama adhabu, kuruka kichurachura, pushapu za kuchelewa, tuiache jamani, tunawafundisha watoto kwamba kuchosha mwili ni malipo ya kosa, akimaliza shule ataukimbia uwanja maisha yake yote.

Wasichana nao. Takwimu za WHO za wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 kwenye nchi 146 zilionyesha kwamba mwaka 2016 vijana 81 kati ya 100 hawakuwa wanafikia kiwango, na ukitenganisha, wavulana ni asilimia 77.6 na wasichana 84.7. Sababu unaziona ukisimama uwanjani jioni. Mvulana akirudi shule anatupa begi anaenda kucheza, dada yake anaingia jikoni. Shuleni mpira mmoja uliopo unaenda kwa wavulana, netiboli haina nyavu, sketi inambana, na akiwa kwenye siku zake hana pa kujisitiri kwa hiyo anaona bora akae chini ya mti. Kumlaumu kwamba ni mvivu ni kumuonea, mruhusuni bukta au suruali ya michezo, mpeni mpira wake na choo chenye maji, halafu mtamuona.

Kuna wazazi wanaogopa kwamba michezo itashusha maksi, hasa darasa la saba na kidato cha nne, na shule nazo zinajua hofu hiyo ndio maana kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kugeuzwa hisabati. Tafiti zilizoangalia shule zilizoongeza muda wa michezo hazikuona alama zikishuka, kwingine zilibaki palepale na kwingine zilipanda kidogo. UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari Tanzania, zipo na nazipenda, ila zile ni za wenye vipaji, mtoto wako ambaye hana mbio za kuchaguliwa wilayani naye ana moyo na mifupa.

Kwa wenye pumu, selimundu (sikoseli) au tatizo la moyo usimfungie mtoto ndani kwa hofu, na usimsukume pia. Mpeleke kwa daktari aseme nini kinafaa, halafu mwalimu apewe taarifa kwa maandishi: mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa mara mbili, asikimbizwe kwenye jua kali wala baridi, na mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta hapohapo uwanjani, isibaki kabatini ofisini. Mwongozo wa 2020 uliwataja na watoto wenye ulemavu, nao wanatakiwa wapate 60 zilezile kadiri mwili unavyoruhusu, kwa hiyo mtoto wa kiti cha magurudumu kupewa kazi ya kulinda masweta ya wenzake kila kipindi siyo sawa.

Kikao cha wazazi kikiitishwa muhula huu uliza mambo matatu tu: vipindi vya michezo vilivyofanyika kweli mwezi uliopita ni vingapi, watoto wangapi wanakimbia kwa pamoja kwenye kipindi kimoja, na wasichana wanacheza nini.