Ziara za studio Florida: kompyuta si chanzo pekee

Wengi huamini kwamba ziara za nyuma ya pazia katika bustani za burudani zilikufa kwa sababu filamu siku hizi hutengenezwa kwa kompyuta, hivyo hakuna tena cha kumwonyesha mgeni. Kuna chembe ya ukweli humo. Ila tarehe zinasema zaidi.

Huko Orlando, Florida, bustani mbili, Disney-MGM Studios (sasa Disney's Hollywood Studios) na Universal Studios Florida, zilifunguliwa 1989 na 1990 zikiwa pia studio. Katika ile ya kwanza, mgeni alipita kwenye vioo akawaona wachoraji wa katuni mezani, penseli mkononi. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za filamu zilibaki California. Studio hiyo ya katuni ilifungwa 2004, ziara ya treni ya matairi ikafuata 2014, na eneo lake likajengwa vivutio vipya. Hata kilele cha ziara hiyo, bonde ambamo lori la mafuta liliwaka moto na maji yakaporomoka, kilijengwa kwa ajili ya wageni tangu mwanzo. (Kilisisimua, hilo halina ubishi.)

Hollywood, ziara ya Universal iliyoanza 1964 ingali hai, maana inapita ndani ya studio inayofanya kazi. Karibu na London ilifunguliwa nyingine 2012, ya filamu za Harry Potter, na watu hulipa kutazama mavazi na seti tu.

Ukitaka kuhakiki, linganisha ramani za bustani hizo, za zamani na za sasa. Kisha subiri maandishi ya mwisho wa filamu: mara nyingi hutaja ilikopigwa, na Florida hujitokeza mara chache.