Mshindi wa Olympia hakurudi nyumbani na majani matupu

Kila Olimpiki ikikaribia husikika maneno yale yale: Wagiriki wa kale walicheza kwa ridhaa, hawakutaka malipo, taji la majani liliwatosha. Kati ya dhana zote kuhusu michezo yao, hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu imewahi kumdhulumu mwanamichezo wa karne iliyopita.

Ni kweli Olympia penyewe, mahali patakatifu palipofanyika michezo hiyo, hapakutolewa fedha. Mshindi alivikwa taji la matawi ya mzeituni, basi. Malipo yalikuwa yakimngoja kwao. Athens ilimpa chakula cha bure maisha yake yote, na Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anaandika kwamba sheria ya Solon, mtunga sheria wa Athens, mwanzoni mwa karne ya 6 KK, ilimtengea drakma 500, sarafu za fedha za wakati huo. Tena michezo haikuwa ya Olympia tu. Katika Panathenaia, sikukuu kubwa ya Athens, maandishi ya karne ya 4 KK yaliyochongwa kwenye jiwe yanaonyesha mvulana aliyeshinda mbio fupi akipewa mitungi 50 ya mafuta ya zeituni, na wa pili mitungi 10. Mtungi mmoja uliingia lita zaidi ya 35. Huo ni utajiri wa kuuza, si zawadi ya kupamba ukuta. Hata neno lao la mwanamichezo, "athletes", linatokana na "athlon", yaani tuzo.

Miji nayo iligombania wachezaji. Astylos, mkimbiaji mashuhuri wa Croton, alipokwenda kushindana tena Olympia alijitangaza kuwa mtu wa Syracuse ili kumpendeza mtawala wa huko. Watu wa Croton waliivunja sanamu yake na kuigeuza nyumba yake kuwa gereza. Shabiki wa leo ambaye mchezaji wake amehamia kwa watani wa jadi anaijua hasira hiyo.

Wengine husema vita vyote vilisimama wakati wa michezo. Hapana. Mapatano ya Olympia yaliwalinda wasafiri wanaokwenda na kurudi, na eneo takatifu lenyewe lisivamiwe; majeshi kwingineko yaliendelea kupigana. Na ulinzi huo nao ulivunjwa: mwaka 364 KK Waarkadia, majirani wa Olympia, na watu wa Elis, mji uliozoea kuisimamia michezo, walipigana ndani ya Olympia michezo ikiendelea.

Je, wanawake hawakuwamo kabisa? Wake za watu walikatazwa hata kutazama. Lakini palepale Olympia wasichana walikuwa na mbio zao kwa heshima ya mungu wa kike Hera, na Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, alitwaa ushindi wa magari ya farasi mara mbili, mwaka 396 na 392 KK, kwa sababu taji lilikuwa la mwenye farasi, si la mwendeshaji.

Marathoni haikuwamo. Mbio zao ndefu hazikufika hata kilomita 5. Marathoni ilibuniwa kwa ajili ya Athens ya 1896.

Basi ridhaa ilitoka wapi? Ilitoka Uingereza ya karne ya 19, kwa mabwana waliokuwa na mali ya kuwatosha na ambao hawakupenda kushindana na vibarua. Wakaivika vazi la Kigiriki, na Olimpiki mpya ikaifanya sheria. Mwaka 1912 huko Stockholm, Jim Thorpe, Mmarekani wa asili ya wenyeji wa bara lile, alishinda dhahabu mbili. Mwaka uliofuata akanyang'anywa zote, kosa lake likiwa kulipwa visenti kucheza besiboli kabla ya hapo. Alifariki 1953 bila kurudishiwa. Watoto wake walikabidhiwa medali mwaka 1983, na 2022 ndipo alipotambuliwa tena kuwa mshindi pekee.