Kabla Hujanunua Difloki, Inua Gari kwa Jeki

Wateja wangu wengi hapa Nairobi huniuliza, "Fundi, niweke difloki gani?" Difloki ni kifaa cha kufunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja. Mimi huwaambia kwanza tuliinue gari. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa hewani na gia nyutro, zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, basi huenda difu yako, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ni ya kawaida.

Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa, na ubaya wake ni huohuo. Tairi la kushoto likiwa kwenye udongo mweusi wa Kajiado, likihimili Nm 50 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla ya kuteleza, la kulia nalo litapewa 50, hata kama limekaa juu ya mwamba. Gari linanguruma, halisogei.

Watu hukimbilia LSD, difu inayopunguza kuteleza bila kufunga kabisa. Ile ya mabamba ya klachi ni nzuri kwenye murram yenye mvua, ila mabamba huisha, na nyingi ninazofungua mtu alizijaza oili ya difu ya kawaida. Ile ya gia tupu, kama Torsen, hudumu zaidi. Ikiwa uwiano wake ni 3 kwa 1, tairi linaloteleza kwa Nm 50 humpa mwenzake 150. Lakini tairi likining'inia hewani nguvu yake ni karibu sifuri, na sifuri mara tatu ni sifuri. Hapo gusa breki kidogo huku ukiongeza mafuta. Breki humpa yule aliye hewani kitu cha kusukuma, na mwenzake akapata nguvu.

Loka, yaani difloki inayojifunga yenyewe, niliwahi kuiweka kwenye pikapu yangu. Porini ilipita popote. Mjini, kila mzunguko wa barabara ilikuwa tik-tik-tik, na siku moja ya mvua, kwenye kona za kuteremkia Mai Mahiu, nilipokanyaga mafuta ilijifunga ghafla na mkia wa gari ukahama. Niliitoa wiki hiyohiyo. Gari la shambani nitaliwekea. Gari la kupeleka watoto shule, hapana.

Kwa mtu wa lami siku tano na Suswa Jumamosi, mimi humwekea difloki ya swichi, ambayo dereva huifunga na kuifungua mwenyewe, tena ya nyuma kwanza. Ya mbele ikifungwa usukani unakuwa mzito, na viungo vya CV, vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele huku yakikata kona, huvunjika kwa urahisi ukikata kona.

Je, ya hewa au ya umeme? Ya hewa huja na kompresa, nayo utaishukuru kwenye jangwa la Chalbi, ukijaza tena matairi baada ya kupunguza upepo kwenye mchanga. Adui yake ni mpira wa kupitisha hewa uliochanika: pitisha maji ya sabuni kwenye viungio uone mapovu. Ukikuta oili ndani ya mpira, sili ya ndani imekwisha. Ya umeme, kama ile ya Toyota, ina mota nje ya ekseli, na mota isiyotumika hushika kutu. Ifunge na kuifungua angalau mara moja kwa mwezi, kwenye murram, si kwenye lami.

Funga kabla ya kuingia topeni, gari likitambaa. Usisubiri tairi lianze kuzunguka kwa kasi, utavunja meno. Ukivuka, zima. Taa ya difloki kwenye dashibodi ikigoma kuzimika, rudi nyuma mita mbili tatu usukani ukiwa umenyooka, itaachia.