Tiba ya upumuaji si kufungua mtungi wa oksijeni tu

Wageni wengi Marekani huambiwa kwamba tiba ya upumuaji ni kama kozi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi: wiki kadhaa darasani, kisha unawavisha wagonjwa barakoa. Sivyo. Kwenye chuo cha jamii ni digrii ya miaka miwili, na hiyo miwili nayo inadanganya, maana anatomia, kemia na maikrobiolojia mara nyingi humalizwa kabla hujaomba nafasi.

Ugumu uko wapi? Chukua mwanamke wa sentimita 165, kilo 90, aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia. Hewa ya kila pumzi haikadiriwi kwa kilo zake, kwa kuwa mapafu hayanenepi. Hukadiriwa kwa urefu: 45.5 + 0.91 × (165 − 152.4), yaani kilo 57. Kwa mililita 6 kwa kilo, ni kama mililita 340. Ukitumia zile 90 utasukuma 540, na mapafu yanayougua yataumia zaidi.

Hata oksijeni ina kipimo. Mgonjwa wa COPD (ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa) anayelimbikiza kaboni dioksidi hulengwa oksijeni ya damu ya asilimia 88 hadi 92. Ukimzidishia anaweza kuanza kusinzia, na wasiojua hudhani amepata nafuu.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha programu ina ithibati ya CoARC, chombo kinachokagua programu za tiba ya upumuaji, la sivyo utakwama kwenye mtihani uitwao TMC wa NBRC, bodi ya kitaifa inayotoa vyeti vya kazi hii. Alama ya chini ya kufaulu hukupa CRT, cheti cha ngazi ya kwanza. Ya juu hukufungulia mtihani wa pili, wa kuigiza wagonjwa, uletao RRT, cheti cha ngazi ya juu. Leseni ni jambo jingine: majimbo yote huidai isipokuwa Alaska.